MARHAMU SI UCHAWI: JINSI DAWA YA KUPAKA INAVYOPIGANA NA VIJIDUDU VYA KIDONDA

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpenzi msomaji, ukuta ninaokusudia kukueleza habari zake leo si wa mawe wala wa matofali. Ni ngozi yako mwenyewe, na ufa ni kile kidonda ulichokipata juzi uwanjani ukakidharau. Nimeona heri niandike makala haya kwa sababu katika bweni letu kuna madaktari wengi kuliko hospitali nzima, na matibabu yao nusura yatuponze mimi na mwenzangu.

KISA CHENYEWE

Ilikuwa muhula wa pili mwaka jana, siku ya mechi za bweni kwa bweni. Rafiki yangu ambaye tunalala naye kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini, aliteleza kwenye uwanja wa murram akachubuka goti. Jina lake nalibana, maana najua atakuwa wa kwanza kulisoma gazeti hili. Jeraha lenyewe lilikuwa dogo tu, si kubwa kuliko kifuniko cha chupa ya soda, lakini lilikuwa limeingia mchanga.

Jioni hiyo baraza la madaktari wa bweni likaketi. Mmoja alishauri apake dawa ya meno. Wa pili akasema hakuna kama majivu. Wa tatu, jamaa mmoja wa Kidato cha Nne ambaye neno lake huwa halipingwi, alifungua sanduku lake la bati, akatoa kidonge cha rangi mbili kilichobaki alipougua kifua, akakipasua na kumwaga unga wake wote juu ya goti.

"Hii ndiyo dawa," akasema kwa madaha. "Kesho asubuhi utakuta kimekauka."

Na kweli kilikauka. Asubuhi tuliona gaga gumu la manjano, tukashangilia. Kumbe tulikuwa tumefunika chungu kikiwa bado motoni! Siku ya tatu goti lilivimba likang'aa. Siku ya nne rafiki yangu alitetemeka kwa homa, mtoki ukamtoka kinenani, akashindwa hata kushuka kitandani. Tukambeba mgongoni hadi kwa nesi wa shule.

"Nani aliwaambia muweke unga wa kidonge hapa?" Sista akauliza.

Kimya.

"Si nawauliza? Nani?"

"Ni... ni sisi sote, Sista," nikajibu huku nikitazama sakafu.

Sista alililowesha lile gaga kwa maji safi ya uvuguvugu hadi likalainika, kisha akalitoa polepole. Chini yake usaha ulikuwa umejaa tele, na ndani ya usaha mlikuwa na mchanga ule ule wa siku ya kwanza. Alipomaliza akaniinua uso mimi niliyekuwa nimesimama kando.

"Na wewe, hicho kidevuni ni nini?"

Nilikuwa na vipele vya maji vilivyopasuka na kuacha vigaga vya rangi ya asali. Mimi nilidhani ni chunusi za ujana. Kumbe ni ugonjwa wa ngozi uitwao impetigo, nao huambukizwa kwa kugusana na kutumia vitu pamoja. Tulikuwa tukijifutia taulo moja, mimi na rafiki yangu.

Sote wawili tukapelekwa hospitalini. Mwenzangu alilazwa siku mbili akapewa dawa za kumeza. Mimi nilipewa kitu kidogo kama dawa ya meno ya mtoto: tyubu ya marhamu iliyoandikwa "mupirosini asilimia 2". Nikanung'unika moyoni, nikamwuliza daktari kwa nini mwenzangu apewe dawa ya nguvu nami nipewe mafuta ya kujipaka.

Daktari akacheka. "Kijana, dawa yako ukiimeza haitakufaa kitu. Mwili utaiharibu mara moja. Lakini hapo kidevuni inatosha kabisa."

Maneno hayo yalinikaa. Dawa gani hii isiyofaa ikimezwa lakini inafaa ikipakwa? Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa Biolojia, nikaenda na maktabani, na haya ndiyo niliyoyavuna.

NGOZI NA WAPANGAJI WAKE

Ngozi haikai peke yake. Juu yake wanaishi bakteria wengi mno wasioonekana kwa macho, na wengi wao hawana neno na mtu. Ni kama wapangaji wapole wanaolipa kodi kwa kuwazuia wageni wabaya wasipate nafasi. Lakini katika kila mtaa hakukosi mkorofi. Mkorofi mkubwa wa ngozi anaitwa stafilokokasi. Karibu watu 3 katika kila 10 wanaishi naye puani bila hata kujua. Mwenziwe ni streptokokasi. Hawa wawili ndio wanaosababisha impetigo, na ndio hupatikana mara nyingi katika vidonda vyenye usaha.

Ngozi ikiwa nzima, wakorofi hawa hukaa nje wakibisha hodi. Ikichubuka, mlango umefunguka. Ndani kuna joto, kuna unyevu na kuna chakula. Bakteria huzaliana kwa kujigawa, mmoja akawa wawili, wawili wakawa wanne. Tuseme kila baada ya nusu saa idadi yao inakuwa maradufu na hakuna kinachowazuia. Chukua kalamu upige hesabu mwenyewe: baada ya saa 10, yule mmoja atakuwa amezaa zaidi ya milioni 1! Ndiyo maana kidonda kinachoonekana kizuri wakati wa kulala huweza kuamka kimeharibika.

Mwili nao haulali. Hutuma askari wake, chembe nyeupe za damu, kwenda kupigana. Ule usaha tunaouchukia ni mabaki ya vita hivyo: maiti za askari wetu, maiti za bakteria, na majimaji ya mwili. Mara nyingi askari hushinda wenyewe bila dawa yoyote. Marhamu ni msaada anaopewa askari pale maadui wanapozidi. Marhamu haiponyi kidonda. Kidonda huponywa na mwili. Kazi ya marhamu ni kuwadhoofisha maadui ili mwili upate nafasi ya kuponya. Ukilishika hilo moja tu katika makala haya, hukusoma bure.

KARANI ALIYEFUNGWA MIKONO

Sasa tuone inavyowadhoofisha. Wanafunzi wa Biolojia wanajua kwamba kila kiumbe kimejengwa kwa protini. Protini ni mfano wa mkufu wa shanga. Kila ushanga ni asidi amino, na ziko aina 20. Ukizipanga hivi unapata protini hii, ukizipanga vile unapata ile. Bakteria asiyeweza kutunga mikufu yake hawezi kukua, hawezi kujigawa, na hawezi kukarabati kilichoharibika.

Ndani ya bakteria kuna fundi wa kutunga shanga, jina lake ribosomu. Fundi huyu hukaa mahali pake akisoma maagizo yaliyoandikwa: weka ushanga huu, kisha ule, kisha ule mwingine. Yeye mwenyewe haendi kutafuta shanga. Anazo zamu za mahamali wanaomletea, kila hamali na aina yake ya ushanga. Mahamali hao ni vipande vidogo vya RNA.

Je, ni nani anayewapakia mahamali mizigo? Kila aina ya ushanga ina karani wake bohari. Karani huyo ni kimeng'enya. Kazi yake ni kuchukua ushanga wa aina yake na kumtwika hamali anayestahili, basi. Aina 20 za shanga, na kila aina na karani wake.

Miongoni mwa asidi amino hizo 20 kuna moja iitwayo isoleusini. Mupirosini inamlenga karani wa isoleusini peke yake. Ncha moja ya molekuli ya dawa hii imefanana na isoleusini, kwa hiyo karani anaishika akidhani ni ushanga wake wa kila siku. Lakini si ushanga. Dawa inajibana mikononi mwake, na sehemu yake iliyobaki inaziba nafasi nyingine anayohitaji kufanyia kazi. Karani amefungwa mikono.

Mahamali wa isoleusini wanaanza kurudi kwa fundi mikono mitupu. Fundi anasoma maagizo: "weka isoleusini". Anangoja. Hakuna. Na kwa kuwa hawezi kuruka ushanga mmoja akaendelea na unaofuata, mkufu unasimama pale pale. Karibu kila protini inahitaji isoleusini mahali fulani, hivyo kiwanda kizima kinakwama kwa kukosa aina moja kati ya 20. Ni kama jikoni ambako unga upo, kuni zipo, sufuria ipo, lakini maji hakuna. Ugali utapikwaje?

Mwanzoni bakteria hafi. Anasimama tu, hakui wala hajigawi. Dawa ikiwa nyingi na ikakaa naye kwa muda mrefu, hatimaye hufa. Na hapa ndipo utaona faida ya kupaka. Gramu 1 ya marhamu ile ina miligramu 20 za mupirosini, zote zimekaa mahali padogo palepale adui alipo. Hata uchachu wa kawaida wa ngozi unaisaidia dawa hii kufanya kazi vizuri zaidi.

Pengine utauliza, "Na sisi je? Si hata seli zetu zina karani wa isoleusini?" Swali zuri. Wapo, lakini mikono yao ina umbo tofauti na ya karani wa bakteria, na dawa haiwashiki kwa urahisi. Hiyo ndiyo siri ya antibiotiki zote nzuri. Zinatafuta kitu ambacho adui anacho na sisi hatuna, au kitu ambacho chetu hakifanani na chake.

DAWA ILITOKA WAPI?

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba dawa hii ya kuua bakteria imetengenezwa na bakteria. Anaitwa Pseudomonas fluorescens, na huishi kwenye udongo, majini na kwenye mizizi ya mimea. Huko chini ya ardhi kuna vita vya kugombania chakula na nafasi, na kila mmoja ana silaha yake.

Habari zenyewe zilianza zamani. Katika miaka ya 1880 kulikuwa na daktari mmoja wa upasuaji, Mswisi aitwaye Carl Garré. Wakati huo watu walikuwa bado wakibishana kuhusu chanzo cha majipu. Mwaka 1885 Garré alitangaza matokeo ya jaribio ambalo wewe na mimi tusingethubutu. Alichukua stafilokokasi waliokuzwa maabarani akajisugua nao kwenye mkono wake mwenyewe. Majipu yalimtoka, yakamwachia makovu. Ubishi ukapungua!

Bwana huyo huyo, mwaka 1887, aliandika kwamba akipanda bakteria wa ukoo wa Pseudomonas karibu na stafilokokasi, stafilokokasi wanashindwa kumea. Alikuwa ameona adui na mpinzani wake, lakini hakujua silaha ni nini. Ilibidi miaka zaidi ya 80 ipite. Mwaka 1971 wanasayansi nchini Uingereza walitangaza kwamba wameipata silaha yenyewe na kuisafisha. Mmoja wao alikuwa Ernst Chain, yule yule aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1945 pamoja na Alexander Fleming na Howard Florey kwa kazi ya penisilini. Katika miaka ya 1980 marhamu ikaanza kutumiwa na wagonjwa.

Na mbona Pseudomonas hajidhuru kwa sumu yake mwenyewe? Ametengeneza karani wa pili wa isoleusini ambaye dawa haimshiki. Shika neno hilo la karani wa pili, tutalirudia.

KWA NINI ISIMEZWE?

Sasa fumbo la daktari linafumbuka. Mupirosini ikiingia katika damu, mwili huikata vipande viwili upesi sana. Vipande hivyo havina nguvu ya kumfunga karani mikono, na hutoka kwa njia ya mkojo. Kwa hivyo ukiimeza ni sawa na kumtuma askari vitani ukamnyang'anya bunduki mlangoni.

Ndiyo maana rafiki yangu hakupewa marhamu. Kidonda chake kilikuwa kimepita ngozi. Homa na ule mtoki vilionyesha kwamba vita vimeingia ndani, na marhamu haiwezi kuwafuata maadui huko. Alihitaji dawa inayosafiri katika damu. Vidonda vyangu vilikuwa vya juu juu na vichache. Sote tulipata dawa iliyotufaa. Dawa ya nguvu ni ile inayofika adui alipo, hata kama ni ya kupaka tu.

Vilevile nikaelewa kosa la unga wa kidonge. Kidonge kile kimepimwa kwa ajili ya tumbo. Unga wake haukusafishwa uwekwe juu ya nyama mbichi, na hakuna ajuaye ni kiasi gani kinachofika chini. Unaganda na kuufungia uchafu ndani. Zaidi ya hayo, dawa za jamii ya penisilini zikiwekwa kwenye ngozi huweza kumfanya mtu aanze kudhurika nazo, hata siku atakapozihitaji kweli kwa kumeza asiweze kuzitumia. Na kidonge hicho kilitoka wapi? Kilibaki kwa sababu yule jamaa hakumaliza dawa yake ya kifua. Makosa mawili katika kidonge kimoja.

SI YA KILA KITU

Hapa naomba nikiri kosa langu. Niliporudi bwenini na tyubu yangu, sifa zilienea upesi. Wa kwanza aliomba kidogo apake choa. Wa pili alikuwa na chunusi. Wa tatu aliumwa na mbu. Wa nne alikuwa na nyufa za kisigino. Mimi, kwa kutaka kusifiwa ukarimu, nikawagawia wote. Daktari alikuwa ameniambia nipake mara 3 kwa siku kwa siku 7. Siku ya tatu kidevu kilionekana kisafi, na siku ya nne tyubu ilikuwa imebanwa mpaka imekunjamana kama gome la mti. Nikasema si neno, nimeshapona.

Siku ya sita vipele vipya vikachomoza karibu na sikio.

Choa husababishwa na kuvu. Kuvu si bakteria, na marhamu ya bakteria si dawa yake. Virusi kama vile vya tetekuwanga ndio kabisa, hawana hata kiwanda chao cha shanga, wanaazima cha mwenyeji. Kung'atwa na mbu hakuhitaji antibiotiki, wala nyufa za kisigino. Hata miongoni mwa bakteria, si wote wanaodhurika. Yuko mmoja wa ukoo wa Pseudomonas ambaye hupenda kuvamia majeraha ya moto, naye mupirosini haimtishi.

Nao wale stafilokokasi wangu waliosalia kidevuni? Walikuwa wamesimamishwa kazi, hawakuwa wamemalizika. Dawa ilipoondoka, makarani walifunguliwa mikono na kiwanda kikaanza upya. Kwa bahati nzuri dawa bado iliwaweza, nikapona kwa tyubu ya pili. Lakini baba yangu aliinunua kwa pesa za nauli ya mwisho wa muhula, na sikuisahau sauti yake kwenye simu.

DAWA IKIZOEWA

Bahati kama yangu haidumu. Bakteria wanapozaliana kwa mamilioni, hutokea makosa madogo katika DNA yao. Kosa moja huweza kubadilisha kidogo mikono ya karani, na dawa isimshike vizuri. Bakteria wa namna hiyo akiwa peke yake kati ya maelfu hana maana. Lakini ukipaka dawa ovyo ovyo, wenzake wanakufa naye anabaki na shamba zima.

Kuna jambo baya zaidi. Baadhi ya stafilokokasi wamepata karani wa pili kamili, kama yule wa Pseudomonas. Maagizo ya kumtengeneza karani huyo yako kwenye kipande kidogo cha DNA kiitwacho plasmidi, ambacho bakteria mmoja humpitishia mwingine kama wanafunzi wanavyopitishiana kikaratasi darasani. Mwenye karani huyo, hata ukimwaga tyubu nzima, yeye anatunga shanga zake kwa raha. Marhamu iliingia kutumika Uingereza mwaka 1985, na kufikia 1987 madaktari wa huko walikuwa wameshaandika habari za stafilokokasi sugu. Miaka miwili tu!

Nchini Nyuzilandi marhamu hii iliruhusiwa kuuzwa madukani bila cheti cha daktari kuanzia mwaka 1991. Kila mtu akajipakia. Stafilokokasi sugu wakaongezeka hata mwaka 2000 ruhusa hiyo ikaondolewa. Nasi huku kwetu, ambako ni rahisi kuingia duka la dawa na kutoka na chochote unachokitaja, tuna la kujifunza. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Ziko hospitali ambako marhamu hii hupakwa puani kwa wagonjwa wenye stafilokokasi sugu kwa dawa nyingine, ili wasiambukizwe vidonda vyao wakipasuliwa. Huko ni silaha ya kuokoa maisha. Tukiimaliza nguvu kwa kupaka chunusi bwenini, siku ya kulazwa sisi wenyewe tutaitafuta tusiione.

NIKIUMIA NIFANYEJE?

Nilimwomba Sista aniambie kwa maneno rahisi ambayo hata mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ataelewa. Alisema hivi:

Kwanza, nawa mikono yako kabla hujagusa kidonda, kiwe chako au cha mwenzako.

Pili, osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni, utoe mchanga wote. "Maji na sabuni ndiyo dawa ya kwanza," alisema, "na nyingi ya michubuko yenu haihitaji ya pili." Likivuja damu, libane kwa kitambaa safi mpaka ikome. Kisha lifunike.

Tatu, usiweke majivu, dawa ya meno, mafuta ya taa wala unga wa kidonge.

Nne, ukipewa marhamu, osha na kulainisha magaga kwanza, ndipo upake kiasi kidogo. Dawa ikipakwa juu ya gaga gumu ni kama kumpigia hodi mtu aliyefunga mlango na kulala. Isitiwe machoni. Maliza siku ulizoambiwa, na kama hakuna nafuu baada ya siku 3 hadi 5, rudi ukaangaliwe. Tyubu ni yako peke yako, na taulo vilevile.

Tano, usingoje ukiona wekundu unatambaa kuzidi kidonda, mistari myekundu ikipanda mguuni au mkononi, homa, mtoki, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Hayo si mambo ya marhamu tena. Pia ukiugua impetigo, kisha baada ya majuma kadhaa uso ukavimba au mkojo ukawa na rangi kama chai, mwone daktari upesi, kwa maana streptokokasi wa ngozi wanaweza kusababisha madhara ya figo.

Sita, ukichomwa na msumari au kitu chenye udongo na samadi, uliza habari ya chanjo ya pepopunda. Bakteria wa pepopunda hujificha ndani ya jeraha ambako marhamu haifiki. Na ukiumwa na mbwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kimbia hospitalini siku hiyo hiyo ukapate chanjo ya kichaa cha mbwa. Hapo hakuna marhamu iwezayo kukusaidia.

TAMATI

Rafiki yangu alipona, ila ana kovu gotini ambalo wenzetu wanaliita "kidonge". Yeye sasa ndiye mlinzi wa ndoo ya maji na kipande cha sabuni kila tunapokwenda uwanjani, na hataki mzaha. Yule jamaa wa Kidato cha Nne amemaliza masomo. Kabla hajaondoka alikuja akanikabidhi vidonge vitatu vilivyokuwa vimesalia sandukuni mwake, akasema, "Mpelekee Sista. Mimi naona haya." Nikavipeleka. Sista akavihesabu, akatikisa kichwa, akaviweka kando na nyingine alizokwisha kukusanya, na zilikuwa nyingi.

Ewe mwenzangu unayesoma makala haya ukiwa umekaa juu ya kitanda chako, hebu fungua sanduku lako utazame. Kama kuna kidonge kilichobaki, unajua pa kukipeleka. Na kama kuna kidonda unachokificha ndani ya soksi, maji na sabuni viko pale nje. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu fundi wake ni mmoja tu, mwili wako mwenyewe. Mpe nafasi afanye kazi yake.

Kwaherini, hadi toleo lijalo panapo majaliwa.